Kizingiti cha Shangazi Bernadina

Shangazi yangu Bernadina hupiga deki saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, hata siku ya Krismasi. Alikuwa matron wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Bagara na cheti cha utumishi mwema, kengele ya mkono, na imani kwamba sakafu haijawa safi mpaka imemwagiwa ndoo mbili za maji, ya kwanza ya sabuni na ya pili ya kusuuza.

Nusu ya watu wazima wa mji huu walipitia mikononi mwake, nao bado humwita Matron. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye tai na funguo za gari akificha kucha zake nyuma ya mgongo alipokutana naye sokoni.

Januari mwaka huu mwanawe Egidius, anayefanya kazi Dodoma, alimletea zawadi. Alikuja na fundi na maboksi ya laminate, vile vibao vyembamba vyenye sura ya mbao vinavyoshikana kwa kubofya, wakavitandaza kwenye korido yote kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Sebuleni hawakugusa. Sebuleni kuna zulia la rangi ya damu ya mzee, la ukuta hadi ukuta, ambalo Shangazi alilinunua kwa kiinua mgongo chake, na ambalo wageni hulikanyaga kwa soksi tu, viatu vikiwa vimeachwa barazani.

Tatizo lilikuwa kwenye mlango wa sebule. Laminate iliishia pale, zulia likaanzia pale, na katikati pakabaki mwanya wa vidole viwili. Fundi wa Dodoma alisema kuna ukanda maalumu wa kufunika pale, ameusahau, atautuma kwa basi. Kwa muda huo akabandika selotepu ya kahawia. Ukanda haukuja. Selotepu ilivumilia mpaka Kwaresima, kisha ikakata tamaa. Na vibao vya mlangoni, bila mtu kujua sababu, vikaanza kuinua midomo.

Mtu wa kwanza kudhurika alikuwa Mtakatifu Yosefu.

Jumuiya yetu iko chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na tuna sanamu yake inayohama kila wiki kutoka nyumba hadi nyumba. Jumamosi moja ya Aprili ilikuwa zamu ya Shangazi kuipokea. Aliyeibeba alikuwa Mzee Alois, mwenyekiti wa jumuiya, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye soksi iliyotoboka kidole gumba. Wimbo ulikuwa umefika kiitikio. Kidole gumba cha Mzee Alois kikaingia chini ya kibao cha mlangoni, Mzee Alois akaenda mbele, na Mtakatifu Yosefu akaenda mbele zaidi. Aliruka juu ya meza ya kahawa akatua kwenye mapaja ya Mama Kindness, uso juu, salama kabisa.

"Yesu na Maria!" alisema Mama Kindness, akimkumbatia. "Amekuja kwangu mwenyewe."

Mama Kindness ni jirani yetu. Nyumba yake ina marumaru chumba hadi chumba, na hakuna mazungumzo anayoyamaliza bila kuyataja.

Mzee Alois aliinuka, akakung'uta magoti, akatazama kizingiti kwa muda mrefu. "Mama Egidius," alisema, "leo imekuwa sanamu. Tarehe moja mwezi wa tano atapita hapa Padri, amebeba Ekaristi Takatifu."

Kila mwaka, sikukuu ya somo wetu, Misa huadhimishwa nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, kwa zamu. Zamu ya Shangazi ilipofika mara ya kwanza alikuwa bado kazini, akilinda mabweni, nyumba hii ikiwa imefungwa kufuli. Zamu ikapita. Ameisubiri irudi kwa miaka kumi na mmoja. Vitambaa vya altare alikuwa ameshavifuma, na kila mwezi alikuwa akivitoa, akivifua vikiwa safi na kuvirudisha.

"Kwangu hakuna shida," alisema Mama Kindness kwa sauti ndogo. "Marumaru haina mambo mengi."

Mzee Alois akatoa hukumu. "Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu nitakuja mwenyewe kukagua. Nikipita salama, Misa iko hapa. Nikijikwaa, Misa inakwenda kwa Mama Kindness."

Jumatatu asubuhi Shangazi alimwita Sele.

Sele ni seremala mwenye karakana barabara ya Singe, anatengeneza vitanda na makabati, na hajawahi kumwambia mteja neno "sijui". Ukimwomba akutengenezee ndege, atakuuliza unataka ya milango mingapi. Naye alilelewa na Shangazi bwenini mpaka darasa la saba.

"Shikamoo, Matron."

"Marahaba. Sele, hiyo suruali ina mkanda?"

"Inao, Matron."

"Mbona sijauona?"

Sele akainua shati kidogo, akaonyesha mkanda, kisha akaruhusiwa kuingia. Alichuchumaa mlangoni, akagonga kibao kwa kidole, akavuta zulia, akatikisa kichwa kama daktari anayependa ugonjwa wake.

"Hii kazi ya nusu saa. Nitanunua ukanda wa aluminiamu kwa wale wa madirisha, nakaza skrubu, basi. Kwani huyo somo wenu ni nani?"

"Mtakatifu Yosefu. Alikuwa seremala."

"Kumbe wa chama changu! Basi hawezi kuniangusha."

"Wewe ndiye usimwangushe," alisema Shangazi. "Ameshaanguka mara moja."

Alirudi na ukanda na drili. Alitoboa upande wa laminate vizuri. Kisha akahamia upande wa zulia, akabonyeza, na ncha ya drili ikakamata uzi mmoja. Mimi, ninayeishi naye, nilikuwa kwenye kochi na kitabu, kwa hiyo niliona yote. Uzi ulijizungusha kwenye drili kwa kasi, na kwenye zulia mstari mwembamba mweupe ukatoka mlangoni, ukapita chini ya meza ya kahawa, ukaelekea kabati la vyombo kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha huko. Sele alipopata akili ya kuachia kitufe, drili ilikuwa imevaa kofia ya sufu.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Tutasogeza kochi," Sele alinong'ona.

Tukasogeza kochi likafunika mstari. Tangu siku hiyo anayeketi pale anatazamana na friji.

Ukanda ulikazwa kwa skrubu saba, uling'aa, na ulikaa sawa kwa siku mbili. Siku ya tatu ulikuwa umeinuka katikati kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Sele akaja, akasema ni joto, akaongeza skrubu saba. Siku iliyofuata mgongo ulikuwa umehamia kushoto. Akasema ni baridi.

"Sele, ni joto au ni baridi?"

"Vyote, Matron. Vinapokezana."

Habari zikaenea, na watu wakaanza kuja kutoa ushauri. Mama Kindness alikuja na kikombe cha kuomba sukari, akasema huenda chini ya nyumba kuna chemchemi. Mzee Alois alipita akitokea Bonga, akasimama koridoni mikono nyuma, akatukumbusha kwamba sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. "Ardhi hii inatembea," alisema. "Taratibu, lakini inatembea. Huwezi kushindana nayo kwa skrubu." Kila mgeni alipofika mlangoni aliinua mguu juu kama anayevuka mfereji, na wengine tulizoea kuinua hata tukiwa usingizini.

Shangazi alifanya alilojua. Fundi hafanyi kazi mahali pachafu, na Aprili ilikuwa ya matope, kwa hiyo akaongeza ndoo ya tatu.

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi. Jumatano alfajiri Sele alitoka msikitini akapitia kwetu moja kwa moja, kwa sababu, alivyosema baadaye, ule ukanda ulikuwa umemnyima usingizi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa barazani napanga viatu, naye akasimama karibu yangu, tukatazama ndani pamoja.

Shangazi alikuwa upande wa jikoni, khanga imefungwa kiunoni, ndoo mkononi. Akamwaga. Maji yalikuja kwenye korido yakiwa na povu, yakakata kona, yakafika kwenye mlango wa sebule, yakasimama kidogo mbele ya ukanda. Kisha yakaanza kushuka chini ya vibao, taratibu, bila kelele, mpaka yakaisha. Shangazi akarudi na ndoo ya pili. Nayo ikamezwa.

Sele alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Dada," aliniuliza polepole, "hivi vibao vilikuja na karatasi yoyote?"

Hapo ndipo nilipoona aibu ambayo bado ninayo. Maboksi yalikuja na karatasi. Ilikuwa nzuri, ngumu, ya kung'aa, nami nilikuwa naitumia kama alama ya kitabu tangu Januari. Tangu nimalize chuo na kuanza kusubiri ajira nimesoma kila kilichoandikwa ndani ya nyumba ile, pamoja na maelezo ya nyuma ya pakiti za majani ya chai. Alama yangu ya kitabu sikuwahi kuisoma. Nilikwenda kuichukua. Kulikuwa na picha nyingi, na kwenye kona ya chini palikuwa na picha ya ndoo ndani ya duara jekundu, imekatwa kwa mstari.

"Mwambie," alisema Sele.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye fundi."

"Wewe ndiye damu yake."

"Wewe unalipwa."

"Sikiliza, dada. Huyu mama alinipigisha deki bweni zima kwa soksi moja iliyokuwa chini ya kitanda, na soksi yenyewe haikuwa yangu. Leo nikamwambie deki ni kosa?"

Tuliingia wote wawili, bega kwa bega, mlango ukatubana. Shangazi alikuwa anakamua tambara. Sele alifungua mdomo, ukatoka upepo tu. Nikanyoosha karatasi.

Shangazi aliishika mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali.

"Hii ndoo imefanya nini?"

"Imekatazwa, Matron," alisema Sele.

"Na nani?"

"Na kiwanda."

"Hicho kiwanda kina matron?"

Hatukujua. Sele akapiga magoti mlangoni, akafungua skrubu zote kumi na nne, akaondoa ukanda na kuinua kibao cha mwisho. Ncha yake ilikuwa imevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Chini yake sponji ya kulalia vibao ilikuwa imelowa chepechepe. Akaiminya kwa vidole, maji yakachuruzika, yakiwa bado na povu la alfajiri ile.

Shangazi aliitazama sponji. Nimemjua maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akitafuta pa kukaa. Siku hiyo alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza chini juu.

"Kwa hiyo," alisema, "aliyemwangusha Mtakatifu Yosefu ni mimi."

Nje jogoo wa Mama Kindness aliwika kwa furaha isiyofaa.

Kisha Sele alisema jambo ambalo sidhani kama alikuwa amewahi kulisema mbele ya mteja. "Matron, na mimi sikujua. Maji ni yako, lakini skrubu ni zangu. Nimevipigilia hivi vibao kama mlango wa stoo. Karatasi inaonyesha vinatakiwa viachwe huru, viwe na nafasi ya kutanuka na kunywea. Mimi niliona aibu kusema sijui."

Shangazi alimgeukia.

"Ulipokuwa darasa la tano," alisema, "ile soksi ilikuwa ya nani?"

"Ya Venance, Matron."

"Nilijua," alisema Shangazi. Akainuka, akasimamisha ndoo, akaitoa nje mwenyewe. "Haya. Fanya kazi."

Fundi wa Dodoma alikuwa ameacha vibao vitatu vya akiba, vilivyolala chini ya kitanda cha Shangazi. Sele aling'oa vilivyovimba, akaacha sakafu ikauke siku mbili, madirisha wazi, mlango wa mbele wazi, mimi nikiwa mlinzi wa kuzuia kuku. Ijumaa alikata vibao vipya kwa msumeno, akiacha nafasi ya sentimita moja kabla ya kizingiti. Upande wa zulia alipigilia chini kijiti chembamba chenye misumari midogo iliyoinama, akalivuta zulia kwa nguvu likanasa kwenye misumari, akakunja ukingo wake ndani. Kisha akatoboa saruji tu, katikati ya nafasi ile, zulia likiwa limeshikwa nyuma na mimi kwa mikono miwili kama mbwa mkali. Akaingiza fisha, vile vijibomba vya plastiki vya kushika skrubu, akalaza ukanda, akakaza skrubu nne. Ukanda uliegemea laminate upande mmoja na zulia upande wa pili, bila kumfunga yeyote.

Siku mbili hizo Shangazi alifuta korido kwa tambara lililokamuliwa mpaka likalia. Alifuta kwa huzuni, kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi kwa amri ya daktari.

Jumamosi saa nne Mzee Alois alifika, na Mama Kindness nyuma yake kama shahidi. Wakavua viatu. Mzee Alois akatembea koridoni kwa heshima, akafika mlangoni, na kwa mazoea ya wiki tatu akainua mguu juu kabisa, hadi usawa wa kitasa. Aliushusha akitegemea mwinuko. Mwinuko haukuwepo. Mguu uliendelea kushuka, ukapiga chini kwa kishindo, mwenyekiti akayumba, akashika pazia.

"Amejikwaa!" alisema Mama Kindness.

"Nimejikwaa," alikiri Mzee Alois, akishangaa.

"Umejikwaa kwenye nini, Mzee?" aliuliza Sele.

Mzee Alois akatazama chini, kushoto na kulia. "Hapo. Pale ambapo... hapo ambapo hakuna kitu."

"Kujikwaa ni kujikwaa," alisema Mama Kindness. "Hatukukubaliana kwenye nini."

Niliona uso wa Shangazi ukipoteza rangi. Miaka kumi na mmoja ilikuwa inaning'inia kwenye pazia pamoja na Mzee Alois. Kisha alijinyoosha, akaweka mikono kiunoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya bwenini.

"Alois. Rudi nyuma."

Mzee Alois, mwenye umri wa miaka sabini na mbili na wajukuu kumi na wanane, akarudi nyuma.

"Pita tena. Usiinue miguu kama kuku kwenye matope. Buruta."

Akaburuta. Soksi zake ziliteleza kwenye laminate, zikapanda ukanda bila kujua, zikashuka kwenye zulia. Hata kidole gumba kilichochungulia kilipita salama.

"Tena."

Akapita mara nne. Mara ya nne alikuwa anatabasamu, na nadhani angeendelea kama Shangazi asingemzuia. "Misa iko hapa," alisema. Mama Kindness alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya ukanda, mara mbili, akitafuta. "Imekaa vizuri," alisema hatimaye. "Siyo marumaru, lakini imekaa."

Siku ya sikukuu Padri alivuka kizingiti kile akiwa anaimba, bila kutazama chini. Ni Shangazi, mimi na Sele tu tulioacha kupumua. Sele alikuwa amealikwa kwa ajili ya pilau, naye alisimama dirishani kwa nje mpaka tulipomwonyesha kwa kidole kwamba Padri amepita.

Baada ya Misa nyumba ilijaa watu wenye sahani. Mama Kindness alitoka jikoni na jagi la togwa, akitembea kwa fahari, akiwasimulia waliokuwa nyuma yake jambo fulani la marumaru. Kiwiko chake kikagonga fremu ya mlango wa sebule. Togwa yote ikamwagika kwenye laminate, ikaanza kutambaa kuelekea kwenye ukanda.

"Mungu wangu! Nisamehe, Mama Egidius. Napiga deki sasa hivi!" Akakimbilia uani, akarudi na ndoo iliyojaa, akainyanyua.

"WEKA NDOO CHINI!"

Ndoo ikawekwa chini. Lakini nusu ya wageni walikuwa watoto wa bweni la Shangazi, na miili yao ilikumbuka kabla ya akili. Watu tisa waliweka sahani zao chini. Bwana mwenye tai aliweka simu chini. Padri, ambaye hakusoma shule ile, aliwatazama, akaona ni busara, akaweka kikombe chake chini pia.

Katika ukimya ule Shangazi alifungua kilemba chake cha sikukuu, kipya, hakijawahi kufuliwa, akapiga magoti, akakausha togwa ile kwa mkono, kibao kwa kibao, mpaka kwenye ukanda, kabla tone halijaingia.

"Matron hapigi deki?" mtu mmoja alinong'ona, kwa hofu, kama aliyeona ishara ya mwisho wa dunia.

"Hii haitaki maji," alijibu Shangazi bila kuinua kichwa. "Someni karatasi."

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu, nilisikia maji yakimwagwa. Niliruka kitandani, nikakimbia koridoni pekupeku. Sakafu ilikuwa kavu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Shangazi alikuwa barazani, khanga kiunoni, akimwagia saruji ndoo ya tatu huku ya nne ikingoja. Povu lilikuwa limeshuka ngazi zote na linaelekea barabarani.

Aliniona nimesimama na nywele timutimu.

"Hii haina karatasi," alisema, akainua ndoo ya nne.